Barua ya Anyes kwa Fundi Hezroni

Kila Jumatatu na Alhamisi, kabla jua halijawa kali, Anyes na mume wake Enoki walipakia mizigo kwenye kirikuu yao pale Makwale. Kirikuu ni gari dogo la mizigo. Walipakia magunia ya mpunga, viroba vya kakao na ndizi za majirani. Enoki aliendesha hadi sokoni Kyela mjini. Anyes alibaki na daftari lake, akiandika mzigo wa nani umekwenda na wa nani umebaki.

Gari lilikuwa la Anyes. Alilinunua kwa kakao ya miaka sita. Ndilo lililowalisha na kuwasomesha watoto wao watatu, Lusungu na wadogo zake.

Mwezi wa tano mavuno ya mpunga yalikaribia. Enoki akapeleka gari kubadilisha oili. Fundi wao alikuwa mmoja tu, Mzee Hezroni, mwenye gereji Kyela mjini. Mzee huyu ni mdogo wa marehemu baba yake Enoki. Ndiye aliyemlea Enoki na kumlipia ada ya shule, na Enoki humwita baba.

Kwa Anyes, mzee huyu ni mkwe. Na Anyes alilelewa kwa mila ya Kinyakyusa kwelikweli. Mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, wala hazungumzi naye. Mzee akija kwa njia hii, mkamwana anapita ile. Siku hizi wengi wameiacha mila hiyo, lakini Anyes hakuiacha. Miaka kumi na moja ya ndoa, hawajasemeshana hata neno. Gari lilikuwa lake, lakini gereji lilikokuwa likitengenezwa hakuwahi kuikanyaga.

Jioni ya Jumanne Enoki alirudi na gari. Akaliegesha kando ya jiko, juu ya turubai la kuanikia mpunga.

"Amekuandikia alichofanya?" Anyes akauliza.

"Aandike nini? Kwa baba mtu haombi karatasi."

Asubuhi Anyes alikuta doa jeusi katikati ya turubai lake, pana kama sinia. Alikasirika.

"Ni oili iliyomwagikia chini ya gari kule gereji," Enoki akasema. "Itakauka yenyewe."

Enoki ni mtu mwema, lakini hapo alikosea. Oili ikidondoka, mtu huinama akatazama inatoka wapi. Yeye hakuinama.

Alhamisi, nusu ya safari ya kwenda Kyela, taa nyekundu ya oili iliwaka. Kabla Enoki hajasimama vizuri, injini iligonga kwa nguvu, kisha ikanyamaza. Haikuwaka tena. Injini ilikuwa imenoki, vyuma vimekwama ndani. Gari likarudishwa Makwale kwa kuvutwa na kamba, magunia ya watu yakiwa juu yake.

Enoki akampigia simu Mzee Hezroni.

"Mmelipitisha kwenye maji," mzee akasema. "Mvua za mwaka huu nazijua. Gari likinywa maji, fundi hana kosa."

"Ndiyo, baba," Enoki akajibu. Akakata simu.

Anyes alikaa kwenye kigoda, akalia kwa hasira. "Ndiyo, baba! Wiki mbili zijazo watu wanavuna. Tutabeba mpunga wao kichwani?"

"Unataka nimshitaki aliyenilea?"

Kweli, Anyes hakutaka hilo. Lakini gari likilala, watoto walale na njaa? Mume hawezi kusema, mke haruhusiwi kusema. Walikwama pamoja na gari lao.

Jirani yao alikuwa Teodora, afisa maendeleo ya jamii wa kata. Alihamishiwa Makwale kutoka Bukoba mwaka uliopita. Alikuja jioni hiyo kununua ndizi, akamkuta Anyes amelowesha turubai pembeni, sabuni mkononi.

"Mugonile," Teodora akasalimu. Salamu hiyo alikuwa ameshaijua.

"Ndaga, dada." Anyes akamweleza yote.

Teodora akamnyang'anya sabuni. "Mama Lusungu, doa hilo usilioshe. Hilo ni shahidi wako. Kesho asubuhi nenda gereji, simama mbele ya huyo mzee, umwambie."

Anyes akacheka, machozi hayajakauka. "Nisimame mbele ya mkwe wangu? Watu wa hapa watasema nimepata wazimu."

Akamweleza mila. Teodora alisikiliza, akatikisa kichwa, akafikiri.

"Mila inakukataza kumwandikia?"

Anyes akainua kichwa. "Kuandika? Hilo sijawahi kusikia likikatazwa."

"Basi andika. Tena barua ni bora kuliko maneno. Maneno huchukuliwa na upepo, barua inabaki. Lakini kwanza tujue ukweli. Gari lisifunguliwe na mtu yeyote. Piga picha lilivyo, juu na chini. Kisha tutafute fundi mwingine, asiye ndugu yenu wala adui wa mzee."

Enoki alisikia akiwa mlangoni. "Dada Teodora, mambo ya ukoo hayaandikwi."

"Shemeji, mali bila daftari hupotea bila habari," Teodora akasema. "Kumwandikia mtu si kumtukana. Unampa nafasi ya kujibu."

Jumamosi akaja Adolf, fundi wa magari ya misheni. Alilala chali chini ya gari, akatoka na mikono myeusi.

"Nati ya chini ya injini, ya kumwagia oili, haipo," akasema. "Imefunguka njiani, oili karibu yote ikamwagika."

"Labda ilikatika?" Enoki akauliza.

"Haikukatika. Njoo uone. Meno ya tundu lake ni mazima kabisa. Nati iliyokazwa kwa spana haitoki hivi. Hii ilishikizwa tu kwa vidole."

"Na maji?"

Adolf akachovya kijiti ndani ya injini. "Oili ikichanganyika na maji huwa kama chai ya maziwa. Hii iliyobaki ni safi. Kichujio cha hewa nacho kikavu. Gari hili halikunywa maji." Kisha akatazama turubai. "Na lilianza kuvuja usiku uleule. Mngeinama mkaangalia, injini ingepona."

Enoki akatazama miguu yake.

Adolf akaandika aliyoyaona kwenye karatasi, akaweka tarehe na sahihi. Usiku huo Anyes akaandika barua. Teodora alisaidia mpangilio tu. Maneno yalikuwa ya Anyes.

"Baba mkwe, nakusalimu kwa heshima. Jumanne gari letu lilibadilishwa oili kwako. Meseji ya malipo ipo kwenye simu ya Enoki. Usiku huohuo lilivujia turubai langu. Alhamisi injini ilinoki. Fundi Adolf amekuta nati haipo na injini haina maji. Karatasi yake na picha ziko ndani ya bahasha hii. Kosa letu ni kwamba tuliona doa tukalipuuza. Tunaomba utengeneze injini. Tunaomba utujibu ndani ya siku saba. Mimi mkamwana wako, Anyes."

"Kosa letu umeliandika la nini?" Enoki akauliza.

"Kwa sababu ni kweli. Akiona nimesema kweli juu yangu, ataamini niliyosema juu yake."

Waliandika nakala mbili. Moja ya mzee, nyingine ya kurudi na sahihi yake kuonyesha ameipokea.

"Na asipojibu?" Anyes akamwuliza Teodora.

"Mtakwenda kwa mtendaji wa kata, awakalishe mpatane. Ikishindikana, Mahakama ya Mwanzo ipo. Lakini tuanze na mlango ulio karibu."

Enoki alipeleka barua gereji. Mzee alitia sahihi nakala ya pili, akarudi kwenye kazi yake. Siku ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Anyes hakulala vizuri. Aliogopa amevunja ukoo kwa kalamu.

Siku ya nne bodaboda ilisimama nje. Alishuka Mzee Hezroni. Anyes akaingia jikoni haraka, akafunga mlango. Alisimama nyuma ya mlango akisikiliza.

Mzee alijilaza chini ya gari. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka aliliendea turubai, akaligusa doa kwa kidole.

"Enoki," akasema. Sauti ilikuwa ya juu kidogo, kama anataka isikike hadi jikoni. "Siku ile nilishikiza nati kwa mkono, nikatia oili. Nikasema nafuata spana. Pale pale nikaletewa habari ya msiba kule Ngonga. Nikaacha kila kitu nikakimbia. Jioni niliporudi nikakupa gari nikidhani nimemaliza. Nilipopokea simu yako nikasema maji, kwa sababu ni rahisi kusema maji."

"Ndiyo, baba."

"Acha ndiyo baba. Ungeniuliza ningekumbuka. Mwenzako ameniuliza."

Jikoni Anyes akakaa chini sakafuni. Mzigo mzima ulimtoka kifuani. Alicheka peke yake, mkono mdomoni.

Gari likavutwa hadi gereji. Mzee alitengeneza injini kwa vipuri vyake mwenyewe. Enoki, kwa kosa lake la kutoinama, alishinda naye siku zote akisafisha vyuma. Mpunga wa kwanza ulipovunwa, kirikuu ilirudi Makwale ikinguruma vizuri. Anyes aliisikia kabla haijaonekana.

Siku hizi gereji ile ina daftari. Kazi inaandikwa, mteja anapewa karatasi, awe ndugu au mpita njia. Enoki naye huinama chini ya gari kila asubuhi kabla ya kuwasha.

Siku ile gari liliporudi, Enoki alimpa Anyes bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi ya gereji. Nati imekazwa kwa spana. Oili ni mpya. Likisumbua ndani ya miezi mitatu, lirudishwe. Chini yake mzee alikuwa ameongeza mistari miwili kwa mkono wake:

"Mkamwana wangu Anyes, nimekosa na umenistahi. Turubai jipya lipo nyuma ya gari."

Anyes aliisoma mara tatu. Kwa miaka kumi na moja, hilo lilikuwa neno la kwanza mkwe wake kumwambia yeye mwenyewe. Akachukua kalamu, akachana karatasi kwenye daftari lake.

"Ndaga fijo, tata," akaandika kwa Kinyakyusa, yaani asante sana, baba. Akaikunja, akampa Enoki apeleke.