Kiti Cheupe cha Bafuni

Kila siku shule ilipofungwa, Tahlia hakwenda kwao. Mama yake alifanya kazi dukani hadi jioni, kwa hiyo alifuata barabara yenye vumbi jekundu mpaka kwa bibi yake, Bibi Noreen, aliyeishi peke yake tangu babu alipofariki. Kutoka langoni lilionekana bomba refu la moshi la kiwanda ambako babu alifanya kazi miaka thelathini na minane.

Kila alipofika, Tahlia alisikia redio kwanza. Redio ya jikoni iliwashwa alfajiri na haikuzimwa mpaka Bibi alipokwenda kulala. Hakuwa akiifuatilia sana. Alisema tu kwamba afadhali nyumba iwe na sauti ya mtu.

"Nimeshakusikia," Bibi alizoea kusema kutoka jikoni. "Unaburuza viatu kama babu yako. Ingia, chai inapoa."

Jumanne moja redio ilikuwa ikizungumza, lakini Bibi hakusema lolote. Tahlia alimkuta sakafuni bafuni, amebanwa kati ya ukuta na kile kiti cheupe cha plastiki alichokalia wakati wa kuoga. Alikuwa amejifunika taulo mabegani. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Ni saa ngapi?" aliuliza Bibi.

"Saa tisa na nusu."

"Basi nimelala hapa tangu saa nne asubuhi. Nilijua utakuja. Nilikuwa nahesabu nyimbo za redio."

Ilichukua muda mrefu kumwinua. Alipokwisha kukaa kitandani, Bibi alimshika Tahlia mkono kwa nguvu.

"Usimwambie mama yako. Akijua, watanipeleka kwenye makao ya wazee. Rafiki yangu Enid alisema ukweli kwamba ameanguka. Mwezi haukuisha, nyumba imeuzwa, naye analishwa viazi vya kupondwa na watu wasiolijua jina lake. Niahidi."

Tahlia aliahidi. Kuanzia siku hiyo, kila ilipofika saa nne asubuhi, alitazama saa ya ukutani darasani na kuwaza kama Bibi amesimama au yuko sakafuni. Wenzake walipomwuliza ana nini, alisema hana kitu. Alianza kukaa peke yake wakati wa mapumziko, kwa sababu aliogopa siri ingemponyoka.

Wiki tatu baadaye, ofisa wa serikali alikuwa aje kumwona Bibi. Mama ndiye aliyepiga simu kuomba Bibi apate mtu wa kumsaidia usafi wa nyumba. Siku yenyewe mama hakupata ruhusa kazini, hivyo Tahlia alikuwa peke yake na Bibi.

Alimkuta amevaa gauni la kanisani na kupaka rangi ya midomo. Skonzi zilikuwa mezani. Redio ilikuwa imezimwa. Mkongojo aliotembelea nao haukuonekana popote, na bafuni kile kiti cheupe hakikuwepo.

"Kiti kiko wapi, Bibi?"

"Bandani. Na wewe kaa hapo unywe chai, mdomo ufanye kazi ya kutafuna."

Ofisa aliitwa Bi Janelle, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu. Alikaa, akasifu skonzi, akaanza maswali.

"Unaoga mwenyewe, Bibi Noreen?"

"Tangu nina miaka minne."

"Na kupika?"

"Hizo skonzi unadhani zimejipika?"

Bi Janelle alicheka, akaandika. Tahlia, aliyekaa kando yake, aliona maneno yakijipanga kwenye karatasi yake: anajiweza, anajiweza, anajiweza.

"Swali la mwisho," alisema Bi Janelle. "Ukianguka humu ndani, nani atajua?"

Bibi alimsogezea sahani ya skonzi. Bila redio, nyumba ilikuwa kimya mno.

"Mimi," alisema Tahlia. "Nikitoka shule. Saa tisa na nusu."

"Tahlia," alisema Bibi kwa sauti ya chini.

Tahlia hakumtazama. Aliinuka, akatoka mpaka bandani, akarudi amebeba kile kiti, akakiweka juu ya zulia mbele ya mgeni. Mguu mmoja wa kiti ulikuwa umepasuka.

"Alikuwa sakafuni tangu saa nne," alisema, na machozi yakamtoka.

Bi Janelle aliweka kalamu chini. "Bibi Noreen, ulidhani nimekuja kukutoa nyumbani kwako?"

"Enid walimtoa."

"Ya Enid siyajui. Mimi nimekuja kuona unahitaji nini ili uendelee kuishi hapa. Ukisema unajiweza kwa yote, nitaandika hivyo, na hakuna atakayekuja. Halafu siku utakapovunjika nyonga, wengine ndio watakaokuamulia."

Bibi aliinama, akaugusa mguu uliopasuka wa kiti.

"Sijaoga sawasawa tangu siku ile," alisema. "Najifuta kwa kitambaa tu. Naogopa kuingia bafuni."

Bi Janelle alifuta alichoandika, akaanza upya.

Jioni ile Tahlia alimweleza mama yote. Mama alilia, kisha akamkumbatia Bibi. Lakini Tahlia alijibiwa na Bibi kwa neno moja tu: ndiyo, au hapana. Hakumtania tena kuhusu viatu. Majuma saba walikunywa chai wakisikiliza redio, kila mmoja na kikombe chake.

Kisha barua ikaja. Mafundi walifunga vyuma vya kushikilia bafuni. Bibi alipewa kitufe cha kuvaa shingoni, cha kuita msaada. Mhudumu aitwaye Deepa alianza kuja Jumatatu na Alhamisi kumsaidia kuoga na kusafisha nyumba.

Alhamisi ya kwanza Tahlia alisimama mlangoni. Bibi alikuwa jikoni, nywele zimeoshwa, ananukia sabuni.

"Unaburuza viatu," alisema, akaizima redio. "Keti. Nilikununia."

"Najua, Bibi."

"Nilikosea, mjukuu wangu. Nilikubebesha mzigo usio wa mtoto, nikauita ahadi. Siri nyingine utunze. Lakini siri inayomwacha mtu sakafuni, itoe, hata kama mwenyewe amekusihi uifiche. Atanuna, halafu atapona."

Siku ya pili yake, saa nne asubuhi, Tahlia alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa Ijumaa, siku ambayo Deepa hakuja. Aliwaza kitufe kilichoning'inia shingoni mwa Bibi, kisha akachukua kalamu na kuendelea na hesabu zake.