Kufuli Lililoachwa Nje ya Mnyororo

Maiti ya mkuu wa doria ilikutwa saa moja asubuhi, upande wa kijiji, karibu kabisa na geti la hifadhi. Vidole vyake vilikuwa vimekatika alipojikinga na panga, na shingo ilishikiliwa na ngozi tu. Inspekta alipofika, watu walikuwa wameshajipatia muuaji. Mfugaji mmoja alikuwa amefungwa kwenye nguzo, nguo zimelowa damu, jicho la kushoto limepasuka, na fimbo zilikuwa bado zinamshukia.

Inspekta akafyatua risasi hewani. “Akifa huyu, wote mnalala ndani!”

“Afande, wa kuhojiwa ni nani hapa?” akasema msaidizi wa marehemu, askari wa hifadhi aliyemwoa dada yake. “Juzi shemeji alikamata ng'ombe wa huyu ndani ya hifadhi. Akaapa atamwonyesha.”

“Niliapa, ndiyo,” mfugaji akasema kwa taabu. “Lakini nimemkuta ameshakufa. Nilimgeuza nione kama anapumua, ndiyo damu hii. Nikakimbilia geti niwaite askari kambini. Ufunguo wa kijiji ninao, ila geti likakataa.”

“Likakataa! Limenuna?” mtu akadakia, wakacheka kicheko kibaya.

Inspekta hakucheka. Alilijua geti lile. Tangu serikali na kijiji wakubaliane kuzilinda hifadhi zao mbili zinazopakana kama shamba la ndugu, mnyororo ulifungwa kwa makufuli mawili yaliyoshikana, la serikali na la kijiji. Kila upande ulifungua lake bila kumsubiri mwenzake, na ukifunga, sharti ulipachike lako kwenye la mwenzako. Bila hivyo umemfungia nje.

Akaipekua maiti, kisha akaenda kulitazama geti. Kufuli la serikali lilikuwa limezishika ncha zote mbili za mnyororo, peke yake, na lilikuwa na damu iliyokauka. La kijiji lilikuwa limefungwa, lakini lilining'inia pembeni halina kazi.

“Mfungueni kamba. Ndugu, hebu fungua geti.”

Mfugaji akapapasa, akafungua kufuli la kijiji. Likamwangukia kiganjani. Mnyororo haukutikisika.

“Aliyefunga mara ya mwisho ana ufunguo wa serikali,” Inspekta akasema. “Haraka yake ilimsahaulisha wenzake. Funguo ziko ngapi?”

“Mbili,” msaidizi akajibu polepole. “Wangu na wa shemeji. Basi alifunga mwenyewe, kabla hajavamiwa.”

“Na damu iliyo kwenye kufuli ni ya nani? Baada ya kukatwa, angezungusha ufunguo kwa vidole gani? Wake upo ndani ya mfuko wa suruali uliofungwa kifungo, hauna hata tone. Nionyeshe wako.”

Mkono wa msaidizi uliingia mfukoni ukatoka na kisu. Alimrukia Inspekta, ncha ikamchana bega, naye akampiga risasi ya goti. Msaidizi akaanguka akipiga mayowe, ufunguo wenye damu iliyokauka ukamtoka mfukoni. Meno yake yalikuwa yamejaa damu na mavumbi.

“Magogo yangu yalipita hapa miaka yote!” akafoka. “Yeye ndiye aliyeleta doria za pamoja, kila kona kuna jicho la mwanakijiji! Alfajiri kanikuta nalipitisha lori. Nikamwambia, shemeji, tusameheane, tu ndugu. Akasema atanikabidhi kwa pande zote mbili. Lori lilipoondoka nikammaliza, nikarudi ndani nikafunga, kulipokucha nikaja huku kwa njia ya porini.”

“Kikulacho ki nguoni mwako,” mzee mmoja akanong'ona, na umati ule ule ukainua fimbo tena, safari hii juu ya msaidizi.

Mke wa mfugaji alikuwa amepiga magoti akimfuta mumewe uso. Akageuka, hasira zimemkausha machozi.

“Bado hamjashiba kupiga? Afande, na hawa waliompofua mume wangu, unawakamata lini?”

Fimbo zikashuka. Hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake. Kisha mama wa marehemu akajitoa katikati ya watu, akamnyooshea Inspekta mikono yote miwili.

“Anza na mimi, mwanangu,” akasema. “Jicho lile nimelipasua mimi.”