Niliwapokea kwa Chai Waliokuja Kununua Nyumba Niliyopanga

Nina miaka thelathini na nne na shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo mnisamehe nikieleza vibaya. Sitaki kumsema mtu kwa yasiyo yake. Nataka tu mjue nilivyotoka kwenye nyumba ambayo pengine sikupaswa kutoka...

Mume wangu alipofariki, nilipanga chumba Temeke kwa bibi mmoja Mzaramo, Bi Mwajuma. Kwenye kibaraza chake niliweka cherehani. Kibaraza kile ndicho kilichonilisha mimi na binti yangu, maana kilitazama njia ya sokoni na kila mama aliyepita aliniona.

Bi Mwajuma aliniita mwanangu. Idi nilikula kwake, Krismasi alikula kwangu. Mtu wa namna hiyo utamdai mkataba? Mie niliona ningemtukana.

Mjukuu wake, Zuhura, alikuwa amefikia umri wa kuolewa, na mtaa mzima ulikuwa ukingoja posa. Jumapili moja bibi akaniambia, "Mwanangu, leo nina wageni. Usiniangushe." Nikajua ndiyo siku yenyewe. Nikafagia uwanja, nikapika chapati na chai ya maziwa, nikavaa kitenge changu cha kanisani.

Wakaja wanaume wawili. Nikawasifia nyumba ili Zuhura asionekane katoka pabaya. Nikawaambia paa halivuji, masika yote tunalala pakavu. Mmoja akaomba kuona vyumba. Nilishangaa kidogo, lakini nikamfungulia hata changu... Nikasema moyoni, wakwe wa siku hizi wanachunguza.

Wiki iliyofuata yule bwana aliyeomba kuona vyumba alirudi na balozi wa nyumba kumi. "Dada, nyumba nimeinunua. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi, nataka kuhamia na watoto wangu."

Nikamgeukia Bi Mwajuma. Alitazama chini. "Macho yangu yanaisha, mwanangu, nataka nikatibiwe. Ningekwambiaje?"

Kwa haki, macho yake yalikuwa mabaya kweli. Nilimkasirikia na kumwonea huruma, yote kwa pamoja.

Jirani yangu, Mama Suzi, alinicheka. "Shoga, umeinadi nyumba kuliko dalali, na hata soda hukupewa." Kisha akaacha kucheka, akanisihi niende baraza la nyumba, wanakosikiliza kesi za wapangaji. Nikakataa. Nimpeleke mbele ya watu bibi aliyeniita mwanangu? Na mwenye mali si ndiye mwenye neno? Nikafunga virago kabla mwezi haujaisha, tukahamia chumba cha uani, Tabata.

Huko hapiti mtu. Nani atoke Temeke apande mabasi mawili kuja kupindiwa sketi? Nikauza redio, kisha kitanda... mwisho cherehani yenyewe.

Ndipo nikaenda baraza la nyumba. Karani alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza nani alinitoa. Nikasema nilihama mwenyewe. Akavuta pumzi.

"Mama, nyumba ikiuzwa, mpangaji haondoki kwa sababu hiyo tu. Mnunuzi anaipokea na wewe ukiwa ndani. Akitaka utoke, anakuja hapa kwanza, na wewe unasikilizwa. Sasa chumba umeshamwachia, nikusaidieje?"

Nikamshukuru, nikatoka.

Mwezi uliopita nilipita Temeke. Yule bwana hakuhamia. Kapangisha, na kwenye kibaraza ameketi fundi cherehani mwingine. Labda mipango yake ilibadilika, siwezi kuapa kwamba alinidanganya. Lakini nilisimama ng'ambo ya njia nikamwona mteja wangu wa zamani akipimwa kiuno.

Wapangaji wenzangu, mpendeni mwenye nyumba kama mzazi, hilo sikatazi. Ila siku atakapouza, kaulizeni kabla ya kufunga mizigo. Kuuliza si kumshitaki mtu. Mie nilitoka kwa heshima zangu zote, na leo naokota vibarua vya kufua nguo za watu.