Salfa Juu ya Uji

Sadiki Nampembe alikutwa kitandani asubuhi, mwili ukiwaka moto, haitiki. Pembeni palikuwa na bakuli la uji lililobaki nusu, na juu ya uji unga wa njano: salfa ya kupulizia mikorosho.

Alikimbizwa Dar es Salaam, kulekule alikokuwa akitibiwa saratani. Mkewe, Zuena, akawekwa mahabusu Ruangwa.

Inspekta Klementina alianza na bakuli. Salfa ilikuwa kavu. Chini yake uji ulikuwa umefunga utando, haujachanika popote.

"Sadiki aliunywaje uji huu?" alimuuliza Zuena.

"Wa moto, afande. Jioni ileile niliporudi kutoka msibani Ruponda."

"Na salfa?"

"Mtu wa kumuua mumewe atamwekea kitu cha njano kinachonuka hivyo? Hata mbuzi angesusa!"

Klementina hakucheka, ila alikubali. Salfa ilitiwa uji ulipokwisha kupoa.

Siku chache baadaye daktari alipiga simu kutoka Dar.

"Sumu hakuna. Maabara imeotesha bakteria adimu kutoka kwenye damu yake. Kwa kawaida hukaa utumboni bila madhara. Dawa za saratani zilichubua utumbo na kushusha kinga, wakapenya kwenye damu."

"Yu hai?"

"Amezinduka. Anasema alitetemeka kwa siku mbili kabla ya kuzimia. Tulimwonya: homa ikipanda, hospitali saa hiyohiyo."

Siku hizo mbili Zuena alikuwa Ruponda. Klementina alikwenda kwa Mwamina, dada wa mgonjwa.

"Dada Mwamina, Zuena alipokuwa msibani, nani alimuuguza Sadiki?"

"Mimi."

"Alitetemeka?"

Mwamina aliacha kupepeta ufuta.

"Nilimpa dawa ya mseto. Hapa kwetu mtu akitetemeka si malaria?"

"Zuena ulimwambia?"

"Sikumwambia. Kaka alikuwa ametulia kidogo, nikajua imepita. Asubuhi nikamkuta haitiki! Ukoo mzima ungeniuliza. Uji wa Zuena ulikuwa pale, salfa ipo stoo..."

"Ukaona bora afungwe mwenzio."

"Niliona bora nisiwe mimi niliyemuua kaka yangu."

"Hakuna aliyemuua. Yu hai, homa imeshuka, na anagombana na manesi kuhusu chakula."

Mwamina aliketi chini palepale kwenye ufuta, akalia huku anacheka. "Huyo ndiye Sadiki! Huyo ndiye yeye!"

"Simama, dada. Kusingizia mtu ni kosa, na maelezo yako nitayaandika. Lakini kwanza utamfungulia Zuena mlango wa mahabusu, na habari ya mumewe utampa wewe."

Mwamina alitangulia, karibu anakimbia.