Aliyekalia Kiti cha Cherehani

Asubuhi ile sindano ya cherehani ilikutwa imetungwa uzi mweupe.

Miezi mitano ilikuwa imepita tangu mwenye cherehani azikwe. Mumewe, fundi viatu, ndiye aliyeutoa uzi wa mwisho kwa mkono wake, akaifunika cherehani ile ya kukanyaga kwa shuka na kukifunga chumba. Wiki ile tu ndipo alipokifungua, kwa ajili ya bintiye. Sasa shuka lilikuwa juu ya kiti, limekunjwa pembe kwa pembe, kama alivyokuwa akikunja marehemu.

"Ni wewe, Chiriku?"

"Mimi naimba tu humu, Baba. Cherehani sijaigusa."

Chiriku ni jina alilopewa na mama yake kwa kupenda kuimba tangu mdogo. Alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, na kazi yake ya mtihani ilikuwa video ya wimbo aliomtungia mama. Wiki nzima aliufanyia mazoezi mle chumbani: *Mama rudi nyumbani, mlango sijaufunga.* Baba yake aliusikiliza akiwa barazani, kiatu cha mtu mapajani, misumari mdomoni. Kwa miaka ishirini na sita alimshonea mkewe viatu, cha kulia soli nene, maana mguu ule ulikufa tangu utotoni. Jozi ya mwisho ilikuwa bado rafuni. Tangu msiba hakulia. Watu walimsifu kwa subira, lakini Mungu alijua kwamba haikuwa subira. Alikuwa akimngoja mkewe arudi.

Saa nane mchana alifika mwanafunzi mwenzake Chiriku mwenye kamera, ambaye chuo kizima kilimwita Sinema. Akaziba madirisha kwa mablanketi ili mchana uonekane usiku, akaweka taa moja nyuma ya cherehani.

"Wimbo nitaupiga kwa kasi mara mbili," alieleza, "na wewe uende na kasi hiyo hiyo. Sauti usitoe, chezesha midomo tu. Baadaye nikiipunguza picha, midomo itakwenda sawa na wimbo, lakini nguo na mikono vitaelea kama vimo majini."

Spika ikaanza. Sauti ya Chiriku ikatoka nyembamba, mbio mbio.

"Loo!" alisema baba yake kutoka mlangoni. "Huyu ni mwanangu, au panya kameza filimbi?"

Wakacheka. Hawakucheka tena siku ile.

Walirudia mara saba. Mara ya kwanza mtandio ulimwanguka Chiriku. Ya pili, taa ilizimika yenyewe. Mara ya nne Sinema aliinamia spika, kwa kuwa chini ya wimbo kulikuwa na mlio, tak-tak-tak-tak, wa haraka mno. "Spika imechoka hii," alisema. Mara ya sita chumba kilinuka mafuta ya cherehani, mabichi, kana kwamba mtu ametoka kuyatia sasa hivi. Na mara ya saba, baba, aliyesimama gizani nyuma ya kamera, alitikisa midomo. Hakuna aliyemsikia.

Walipomaliza walihamia sebuleni, Sinema akafungua kompyuta na kuipunguza picha ya kwanza.

Chiriku alielea vizuri. Mtandio wake ulipanda taratibu kama moshi. Lakini nyuma yake, kwenye kiti cha cherehani, alikuwa ameketi mwanamke aliyewapa mgongo.

"Tulikuwa na mtu mle?" Sinema alinong'ona.

Mwanamke yule alikuwa akishona kitambaa cheupe, na hakuelea. Kila kitu kilikwenda polepole, mtandio, vidole, hata vumbi mbele ya taa, ila mkono wake ulisogeza kitambaa chini ya sindano kwa mwendo wa kawaida, kama mtu aliye kazini kwake asiye na haraka.

"Kama hapa anaonekana wa kawaida," Sinema alisema, "basi mle ndani alikuwa anakwenda mara mbili ya mtu."

Akaweka picha ya pili, na mwanamke alikuwa amegeuka kidogo, sikio likaonekana na hereni yake. Akaweka ya tatu, likaonekana shavu. Ya nne, ya tano, na kila mara shingo ile iligeuka zaidi huku mkono ukishona bila kukosea na kitambaa kikirefuka na kuteremka sakafuni, mpaka katika ya sita jicho moja likawa linawatazama wao, si kamera, wao watatu pale kwenye kochi.

"Zima," Chiriku alisema. "Sinema, zima."

"Weka ya saba," alisema baba yake.

"Baba!"

"Nataka kuuona uso wake. Weka, mwanangu, nakuomba."

Chiriku akaifunika kompyuta kwa mikono yote miwili, akampigia simu mjomba wake, ndugu wa marehemu, imamu wa msikiti wa mtaa.

Mjomba alifika baada ya alasiri. Alisikiliza yote kwa utulivu, kisha akauliza, "Nani kamkaribisha?"

"Mimi, Mjomba. Wimbo ni wangu."

"Wewe ulichezesha midomo, sauti ni ya spika. Huyu kaingia kwa neno la mtu aliyelitaka kweli."

Fundi viatu akainamisha kichwa. "Ni mimi. Wiki nzima nikiusikia wimbo nilimkaribisha kimoyomoyo, na mara ya saba nikatamka, karibu, mwenzangu."

"Shemeji, dada yangu nilishuka naye kaburini, nikamlaza kwa mikono hii. Yuko kwa Mola wake. Jini huiga sura na sauti, na aliyelikaribisha ndiye wa kulitoa. Mimi nitasoma tu."

"Na kama ni yeye? Nitamfukuzaje mke wangu nyumbani kwake?"

Shemeji yake alimshika mkono wakaingia chumbani, kungali giza la mablanketi. Kitambaa cheupe kilikuwapo, kweli kilikuwapo, kimetoka chini ya sindano mpaka sakafuni. Imamu akakiinua, akakisimamisha kando ya shemeji yake. Kilianzia utosini kikaishia visiginoni.

"Ni kipimo chako," alinong'ona, akaanza kusoma.

Harufu ya mafuta ikajaa. Gurudumu likazunguka, tak-tak-tak-tak, na kutoka kitini ikaja sauti ile ambayo fundi viatu aliisikiliza miaka ishirini na sita na kuingoja miezi mitano, ya upole, ya chini, isiyo na kosa hata moja.

"Baba Chiriku. Umechoka. Njoo nikupime."

Akapiga hatua moja. Chiriku akalia mlangoni, "Baba, usiende!" lakini yeye alikuwa haoni ila uso ule, na ulikuwa uso wenyewe, na kovu la kidevuni, na tabasamu, naye akapiga hatua ya pili, mkono mbele, mpaka akalifikia gurudumu, na kwa mazoea ya kazi yake, kama anavyomtazama kila mtu aingiaye kwake, akatazama miguu.

Ilikuwa miwili juu ya ubao wa kukanyagia. Yote miwili ilikanyaga.

Akausitisha mkono.

"Mke wangu alikanyaga kwa mguu mmoja," alisema. "Mguu wa kulia ulikuwa umekufa. Naujua, nimeuvisha mimi. Wewe si mwenzangu. Neno langu nalirudisha. Toka nyumbani kwangu."

Uso ule ukaendelea kutabasamu. Kisha gurudumu likasimama, na blanketi la dirishani likavutwa kwa nje, likapasuka, mchana ukaingia wote kwa mara moja. Kiti kilikuwa kitupu.

Kitambaa walikichoma uani. Kiliungua bila moshi. Sinema akafuta picha zote saba, na ile ya saba hakuna aliyeitazama.

Walipiga nyingine siku ya tatu, madirisha wazi, mara moja tu, na wimbo Chiriku akaubadilisha: *Mama pumzika, mlango nimeufunga.* Siku ya kuonyeshwa chuoni baba yake alikaa kiti cha nyuma, jozi ya mwisho ya viatu vya mkewe mapajani, akaitazama kwenye skrini ile nafasi nyuma ya mwanawe mpaka wimbo ukaisha. Hapakuwa na mtu.

Hapo ndipo alipolia.