Kugeuka Kulia, Taa Ikiwa Nyekundu

Macho ya Wendell Pruitt yalikuwa mabovu. Kwa hiyo kila asubuhi mkewe, Marlene, ndiye aliyempeleka kiwandani kwa gari. Wendell alishika kikombe chake cha kahawa na kumkosoa njia nzima. Hivyo ndivyo walivyoishi, pale Dayton, Marekani, ambako magari hupita upande wa kulia wa barabara.

Asubuhi moja ya baridi, taa ya njia panda ilikuwa nyekundu. Marlene akasimama.

"Unangoja nini?" Wendell akauliza.

"Taa nyekundu, huioni?"

"Sisi tunakwenda kulia, mama! Kulia ruksa hata kwenye nyekundu. Hiyo leseni ulipewa na nani?"

Gari la nyuma likapiga honi.

"Umesikia? Mji mzima unakungoja wewe."

Siku nyingine Marlene angenyamaza na kungoja. Siku hiyo alikuwa amechoka kusemwa. Alitazama kushoto. Hakuna gari. Akaachia breki, akakata kona.

Kikasikika kishindo. Bi Verna Stadler, jirani yao, alikuwa anavuka barabara kutoka upande wa kulia. Taa ya waenda kwa miguu ilikuwa imemruhusu. Alianguka kwenye theluji akipiga kelele. Nyonga ilivunjika.

Baada ya wiki moja walikwenda kumtazama hospitali. Bi Verna alikuwa amefundisha watu udereva kwa miaka mingi.

"Samahani, Bi Verna," Marlene akasema huku akilia. "Nilitazama, nakuapia."

"Ulitazama kushoto tu. Mimi nilikuwa kulia."

"Lakini sheria inaruhusu kugeuka," Wendell akasema.

"Inaruhusu, Wendell. Haikulazimishi. Kwanza unasimama kabisa, nyuma ya mstari, hadi magurudumu yatulie. Unatafuta kibao. Kikikataza kugeuka kwenye nyekundu, unangoja kijani. Kama hakuna kibao, tazama kushoto, tazama kulia, kisha kushoto tena. Mwenye miguu apite kwanza. Baiskeli ipite. Gari lenye kijani lipite. Njia ikiwa tupu, ndipo ugeuke. Ukiwa na shaka, ngoja."

"Na wanaopiga honi?" Marlene akauliza.

"Honi haijamvunja mtu nyonga."



Tangu siku ile Marlene husimama kabisa. Asubuhi moja dereva wa nyuma alipiga honi na kumtukana. Wendell akafungua mdomo, akaufunga. Mwanamke akapita mbele yao akisukuma kigari cha mtoto. Alifika ng'ambo salama, wala hakujua kwamba kuna mtu aliyemngoja.

Jioni hiyo Marlene alikwenda kumsimulia Bi Verna, ambaye alikuwa amesharudi nyumbani. Alimkuta sebuleni, ameshikilia fremu yake ya kutembelea. Daktari alikuwa amemwambia kwamba hataiacha tena.

Bi Verna alisikiliza hadi mwisho.

"Vizuri. Umejifunza," akasema. "Ila umejifunzia kwenye mguu wangu."

Kisha akamwomba amfungie mlango akitoka.