Mwanafunzi Aliyeandikwa Hayupo

Kila asubuhi, kabla ya somo la kwanza, mwalimu wa darasa la nne alifungua daftari la mahudhurio na kuweka rula chini ya jina la kwanza. Wanafunzi walimwita Bwana Nidhamu. Alilijua jina hilo na hakulichukia. Hakuwahi kuchelewa, wala hakuwahi kufuta neno katika daftari lake.

Utaratibu wake ulikuwa mmoja. Ukiitwa, unasimama wima, unamtazama machoni, unasema, "Nipo, Mwalimu." Ukisema huku umekaa, hukusema. Ukitazama sakafu, unarudia.

Wanafunzi sitini na mmoja waliuzoea utaratibu huo. Mmoja aliyebaki hakuuzoea. Alikuwa binti wa miaka tisa aliyekaa dawati la tatu, karibu na ukuta. Alipoitwa hakusimama. Aliutazama ukuta na kuzungusha kifungo cha sweta yake. Mwalimu alikohoa, akasubiri kidogo, kisha akasema maneno yale yale ya kila siku.

"Huyu hayupo. Tuendelee."

Akachora msalaba mwekundu mbele ya jina la mtoto aliyekuwa hatua nne tu kutoka mezani kwake. Hakuona kosa. Kwake yeye, asiyeitika hakuhudhuria.

Jumatano moja, wakati wa mapumziko, mwalimu mkuu alimwita ofisini. Bwana Nidhamu alikuta wanawake watatu. Wa kwanza alikuwa mwalimu mkuu mwenyewe. Wa pili alikuwa mwalimu wa elimu maalumu, anayezunguka shule hadi shule. Wa tatu alikuwa fundi cherehani, futi ya kupimia nguo ikiwa bado shingoni, barua mkononi. Binti yake alikuwa amekaa sakafuni, nyuma ya kabati la vitabu.

"Habari za kazi, Mwalimu," alisema mama huyo. "Nimepokea barua. Inasema mwanangu hajafika shuleni siku thelathini na nane. Akifikisha arobaini, jina linafutwa. Sasa nauliza, huyu ninayemshika mkono kila asubuhi mpaka mlangoni kwenu ni wa nani?"

Mwalimu mkuu alifungua daftari. "Misalaba iko hapa. Mwandiko ni wako, Mwalimu?"

"Ni wangu."

"Kwa hiyo hakuja."

"Alikuja."

Mwalimu mkuu alivua miwani. "Hebu rudia hapo."

"Alikuja, lakini hakuitika. Nikimwandika yupo, kesho darasa zima litakaa kimya. Nitaongoza nini?"

"Makubwa haya," alisema fundi. "Basi na mimi mteja asiyenisalimu nimwambie hana mwili, nisimpime nguo?"

Mwalimu wa elimu maalumu aliinamisha kichwa kuficha tabasamu. Bwana Nidhamu hakutabasamu.

"Mama, sikukusudia ubaya. Lakini tangu muhula uanze sijasikia neno moja kutoka kwa mtoto huyu. Labda shule hii si yake. Hayashiki tunayosema."

"Nyumbani tunamwita Chiriku."

"Chiriku? Huyu?"

"Hanyamazi. Baba yake humbembeleza apumzike kidogo, angalau asikie taarifa ya habari."

Bwana Nidhamu alitaka kujibu. Hapo kikohozi kifupi kikasikika nyuma ya kabati. Aligeuka kwa mshtuko, kwa maana kikohozi hicho kilikuwa chake.

Kisha ikaja sauti. Ilikuwa nyembamba, ya mtoto, lakini mwendo wake, ukali wake na vituo vyake vilikuwa vya Bwana Nidhamu. Iliita jina la kwanza darasani, ikajiitikia kwa sauti ya mwenye jina. Iliita la pili, la tatu, la kumi. Mwenye kigugumizi aliitika kwa kigugumizi. Mwenye mafua alivuta kamasi. Hakuna jina lililorukwa.

Ilipofika zamu ya arobaini na saba, sauti ilisita. Jina halikutajwa. Kilikuja kikohozi, kisha: "Huyu hayupo. Tuendelee."

Ikaendelea mpaka jina la mwisho.

Bwana Nidhamu alishika mgongo wa kiti.

"Hufanya hivyo kila jioni," alisema mama. "Nilidhani asiyekuwepo ni mtoto mwingine. Nilikuwa namwonea huruma. Nilidhani labda anaumwa."

Mwalimu mkuu alijifuta macho. Mwalimu wa elimu maalumu ndiye aliyezungumza, polepole.

"Mwalimu, binti huyu ana usonji. Si ugonjwa wala si utovu wa adabu. Amezaliwa na namna yake ya kusikia, kuona na kuwasiliana. Macho ya mtu yakimkazia, huenda yakamwelemea, kama mtu aliyemulikwa kwa kurunzi. Anapotazama ukuta, ndipo anapoweza kukusikiliza."

"Na kimya chake?"

"Watu sitini wakisimama na kuburuta madawati, kwake ni kishindo. Maneno yanakwama. Ila masikio hayakwami, kama ulivyosikia. Kwa hiyo usimseme mbele yake kana kwamba hayupo."

Bwana Nidhamu alikumbuka alichosema muda mfupi uliopita kuhusu shule isiyo yake. Alitazama kabati. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

"Nifanye nini?" aliuliza.

"Muulize mama yake. Yeye anamjua huyu. Mwenye usonji mwingine atakuwa na mambo yake."

Lilikuwa jambo geni kwa Bwana Nidhamu kumuuliza mzazi namna ya kufundisha. Aliuliza.

"Mimi sitaki jibu la mdomo," alisema mama. "Nampa kifungo. Akikitia kwenye kopo, ameitika. Na nikitaka jambo namwambia mapema, kwa maneno machache. Kisha nasubiri. Ukimharakisha, umeharibu."

Mwalimu alivuta daftari. Alipiga mstari juu ya misalaba yote thelathini na minane, akaandika "yupo" kila mahali, akatia sahihi yake. Ukurasa uliochafuka ulimtazama.

"Wewe usiyefuta neno," alisema mwalimu mkuu.

"Niliandika uongo kwa mwandiko mzuri," alijibu.

Mambo hayakunyooka kwa siku moja. Asubuhi ya kwanza kifungo kilitupwa sakafuni. Wiki ya pili Bwana Nidhamu alisahau, akapaza sauti. Binti aliziba masikio na kulala juu ya dawati hadi saa ya kwenda nyumbani. Mwalimu alikwenda kwa fundi akakiri kosa lake, akiwa amesimama kati ya marobota ya vitambaa.

"Kesho anza upya," alisema fundi. "Hata mshono hufumuliwa."

Akaanza upya. Alichora ubaoni ratiba ya siku, ili binti ajue kinachofuata. Aliagiza wanafunzi waitike wakiwa wamekaa, na kelele zikapungua. Badala ya kumsimamia mbele, alikaa ubavuni pake, wote wawili wakitazama daftari moja. Alimpa kazi ya kupanga vitabu kwa majina, kwa kuwa mpangilio ulimfurahisha. Siku ya tisa ya mwanzo huo mpya, kifungo kililia ndani ya kopo. Mwezi ulipokwisha, binti alikuwa akija mwenyewe mezani kwa mwalimu, akisimama karibu bila kumtazama. Mwalimu alijua sasa kwamba huko ndiko kusalimiwa.

Barua haikuandikwa tena. Jina lilibaki.

Asubuhi moja, katikati ya somo la hesabu, mafundi walianza kukata mabati nje. Mlio ulijaa darasani. Bwana Nidhamu alikuwa akiandika ubaoni aliposikia sauti nyembamba nyuma yake. Safari hii haikuiga ya mtu.

"Mwalimu. Funga mlango. Naumia."

Darasa zima liligeuka. Vinywa viliachwa wazi. "Ameongea," alinong'ona mmoja, na mnong'ono ukasambaa.

Chaki ilikatika mkononi mwa mwalimu. Alitembea hadi mlangoni, akaufunga taratibu, na kwa muda hakugeuka, kwa sababu hakutaka waone uso wake.

"Humu ndani kila mtu huongea," alisema hatimaye. "Endeleeni na hesabu."